Kifua cha Nani?

Mpendwa Mama Akoru,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu; mara ya mwisho nilikuandikia kukuonya kwamba neno "ndoa" halina wingi wa "mandoa", hukunijibu, nami nikanuna, lakini leo siandiki kusahihisha bali kuomba msaada, na naomba pia jina langu lisichapishwe, kwa kuwa katika Lorugum nzima hakuna chifu wala mwenye duka ambaye sikumfundisha Kiswahili.

Nilipostaafu ualimu nilikaa nyumbani nikawa namsahihisha mke wangu kila anapozungumza na majirani, mpaka siku moja akachukua vyeti vyangu, akapanda pikipiki bila kuniaga, akaenda Lodwar kunitafutia kazi, na ndivyo nilivyojikuta, pamoja na mvi zangu, msaidizi wa nyanjani wa daraja la chini kabisa katika utafiti wa misitu, kazi yangu ikiwa kubeba maji, kushika utepe wa kupimia, kupigilia vibati vya namba kwenye migunga iliyo kandokando ya mto Turkwel, na kufukuza mbuzi wanaotafuna utepe kila nikigeuka. Bosi wetu ni Daktari Wainaina, kijana mpole anayetia Kiingereza katika kila sentensi, nami nimemvumilia.

Mwaka jana Wainaina alipima miti yote mwenyewe, akitumia fimbo yenye alama ili kila shina lipimwe mahali pale pale, lakini mwaka huu alikuwa na shughuli Nairobi, akaniomba niyaweke maelekezo yake ya Kiingereza katika Kiswahili safi ili wasaidizi wapime peke yao, mimi Turkwel, na Nyuon, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, apime miti ya mto mkavu wa huko. Maelekezo yalisema shina lipimwe kwenye kimo cha kifua, kisha katika mabano yakataja mita moja na sentimita thelathini. Mama Akoru, maisha yangu yote nimefundisha kwamba kilichomo kwenye mabano kinaweza kuondolewa na sentensi ikasimama, kwa hiyo nikakiondoa, nikaandika: "Shina lipimwe kwenye kimo cha kifua." Sentensi ilisimama. Wainaina hakuilinganisha na ya kwake, kwa sababu aliniamini.

Sasa kifua changu, kwa bahati ambayo sikuiomba, kiko sawasawa na alama ya ile fimbo, kwa hiyo miti yangu ilinenepa kidogo kama inavyotakiwa, lakini Nyuon ni mrefu kiasi kwamba akisema nami huzungumza na kofia yangu, na shina la mti hukonda kadiri linavyopanda, basi alipoleta namba zake ilionekana kwamba miti ya Kakuma imepungua tangu mwaka jana. Ekaale, dereva wetu, alisema, "Hata miti ya Kakuma wamekatiwa posho," na ngeli hiyo ni yake, si yangu. Wainaina hakucheka.

Tulikwenda Kakuma sote. Wainaina alisimamisha fimbo yake, akapima mti wa kwanza, akaukuta mnene, akamwuliza Nyuon aliupimia wapi, naye akajibu, "Kwa kifua, sir, kama karatasi imesema," basi Wainaina, ambaye kwake neno kifua ni ile alama ya fimbo na si kitu kingine, akaamua kwamba kijana alijua pa kupimia ila alikaa kivulini akabuni namba, akamwambia mwisho wa mwezi arudishe utepe na kofia, akaelekea garini. Kofia yenyewe ina jina la mradi, na Nyuon huifua kila Jumamosi akaianika juu ya ua wa miiba, na mama yake, Nyaluak, huwaonyesha wageni kabla hajawapa chai, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo kijana huyo amewahi kuandikwa.

Nyuon akanigeukia, akaweka kiganja kifuani pake, ambapo ni sawa na kidevu changu.

"Mwalimu, si wewe uliandika? Kifua yangu iko hapa."

Hapo nikaelewa kila kitu. Nikafungua kinywa, nikasema, "Kifua changu kiko hapa."

"Asante, Mwalimu," akajibu, kisha akayarudia maneno hayo polepole ili ayashike.

Tangu siku hiyo niko njia panda, kwani Wainaina amesema kwamba atanifanya msimamizi wa wasaidizi wote kwa sababu miti yangu haina kasoro, na anataka karatasi yangu itumike kila watakapopima, nami nikisema nitakuwa mzee aliyeharibu utafiti kwa kufuta namba moja, na nisiposema kijana atarudisha kofia. Mke wangu ameniuliza mbona siku hizi simsahihishi. Nijibu hili tu: je, sentensi iliyo sahihi kisarufi inaweza kuwa kosa? Nitakapokuwa nimeamua, nitakuandikia.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mstaafu, Lorugum

MAMA AKORU ANAJIBU

Ndiyo, Mwalimu. Inaweza.

Mtu aliyenisumbua kwa ajili ya "mandoa" ameniletea sentensi ndefu kama barabara ya Lodwar hadi Kakuma, na hakuna mahali pa kushuka. Hilo nimekusamehe. Naona una uchungu, na mwenye uchungu hakumbuki nukta.

Kuacha namba pia nakusamehe. Yeyote angeweza kuiacha, ingawa wengine tungeiacha kwa uzembe, si kwa kanuni. Lisilosamehewa ni lile ulilofanya mtoni. Kijana alikuomba ushahidi, ukampa ngeli ya KI-VI. Naye akakushukuru. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikatoka nje kidogo.

Tena tazama unavyorudia kosa lile lile. Umeniomba nisichape jina lako, lakini la Nyuon, la mama yake na la dereva umeyapigilia hapa kama vibati kwenye miti. Haya, la kwako sikulichapa. Halikuhitajika. Kutoka Namoruputh hadi Todonyang ni mtu mmoja tu anayeweza kuandika "nyanjani" na "kandokando" katika barua ya shida, na madereva wote wa Lodwar husoma ukurasa huu wakisubiri mabosi wao. Kwa hiyo Wainaina atajua. Kilichobaki ni kama atajua kutoka kwako au kutoka kwa Ekaale.

Unaogopa wanafunzi wako wa zamani. Watacheka, ndiyo. Wamekusubiri tangu darasa la nne. Waache wacheke, kisha watasahau, na chifu wako ataendelea kuficha barua zake usizione. Nyuon akirudisha ile kofia, hakuna atakayemwandika tena kazi ya kupima hata uzi.

Sasa sikiliza. Panda gari la kwanza uende Kakuma. Mwambie Nyuon mbele ya mama yake kwamba kosa ni lako, na unywe chai utakayopewa. Akikujibu, "Sasa iko sawa, Mwalimu," hiyo "iko" iache hapo hapo ilipo. Kisha njooni wote wawili ofisini Lodwar. Mwombeni Wainaina ile fimbo yake, msimame ubavu kwa ubavu, aisimamishe mbele ya kifua chako, halafu mbele ya kifua cha Nyuon. Usimpe hotuba. Daktari ana macho.

Cheo cha usimamizi ukikatae mpaka miti ya Kakuma ipimwe upya, Nyuon akisoma utepe na wewe ukifukuza mbuzi. Na ile karatasi uiandike tena, namba ikiwa mahali pake. Sentensi ikikataa kusimama, na ilale.

Umeahidi kuniandikia ukishaamua. Mimi sitaki barua ya mtu aliyeamua. Nataka ya mtu aliyerudi kutoka Kakuma. Iwe fupi (safari ni leo, Mwalimu, na hili lililomo kwenye mabano ndilo agizo lenyewe).