Ukurasa wa Wanaotafutwa

Butembo, Jumatatu

Mdogo wangu Kambere,

Amani ya Bwana wetu ikukute huko Kampala. Afya yako je? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa? Unakula, ao ungali unakunywa chai tu na kusema umeshiba? Sisi tuko, kwa neema. Baridi ya Butembo ni ileile. Mama magoti yanamuuma, mais Jumapili hakosi kanisani.

Nianze na ule ukurasa wako wa internet wa wanaotafutwa, wale waliopotezana na ndugu zao wakikimbia vita, juu najua unauwaza. Tangu uondoke hakuna huku aliyeusahihisha, na watu wangali wanausoma na kuuamini. Majuzi baba mmoja wa Beni alisoma kwamba watoto wake wako Kanyabayonga. Akapanda lori, akafika, akaambiwa walishaondoka kitambo, wanakaa kwa shangazi yao hapa hapa Butembo. Alikuja kwetu bureau, ofisi ya kanisa, akakaa kwenye benchi bila kutukana mtu. Afadhali angetukana. Ndiyo sababu nilikupigia simu kuomba ruhusa ya kuusahihisha, nawe ukanitumia mwaliko niingie kwa jina langu mwenyewe. Wasingya, asante sana, mdogo wangu. Hukusita, ingawa picha ya kwanza kwenye ukurasa ule ni ya mke wako Sifa, na ni kwa kumtafuta yeye uliutengeneza.

Sasa usicheke. Nilienda kwa Kamate, yule wa fotokopi, juu kwake réseau ya internet inashika kidogo. Alipakua ile programu uliyotuambia, réseau ikakatika katikati, tukaanza upya. Mimi nilingoja kitu chenye picha na rangi. Kumbe ni dirisha jeusi tu: unaandika amri, nayo inatii ao inakukemea. Nikaandika amri ya kuingia. Dirisha likanyamaza, halafu likafungua ukurasa mwingine, likauliza mimi ni nani, na kama ninairuhusu programu kuona, kubadilisha na kufuta kila kitu nilichokabidhiwa. Kambere, niliondoa mkono. Ruhusa ya kufuta si kitu cha kutoa hivi hivi. Nikafumba macho nikaomba, wateja wakiguna nyuma yangu. Nikabonyeza. Ikajibu kwamba nimeingia salama.

Nikaiomba inionyeshe ukurasa wetu. Ikasema hakuna hata mmoja. Nilidhani nimefuta majina ya watu wote kwa kidole kimoja, nikaanza kulia pale pale. Kamate alisogea, akasoma, akacheka mpaka akashika meza. Kompyuta ni yake. Jina lililotangulia pale lilikuwa lake, nami nililigusa bila kusoma, akili ikiwa bado ku maombi.

“Mama Léa,” akaniambia, “umeingia mu nyumba ya jirani, sasa unalia juu hauone batoto bako?”

Nikatoka, nikaingia tena, safari hii kwa jina langu. Majina yote yakatokea, hata moja halikupotea. Donc kila Alhamisi baada ya soko mimi niko kwa Kamate. Ninasahihisha, ninautazama kwanza ukurasa pale pale kwenye kompyuta, ambapo hakuna mwingine anayeuona, kisha ninaandika amri ya mwisho, ile inayoutuma kwa dunia nzima kwa mara moja. Sahihisho la wale watoto walioandikwa Kanyabayonga ndilo nililolituma kwanza.

Na sasa, Kambere, kama umesimama, keti. Mashaka aliyekuletea barua hii nilimwomba asirudi kwenye lori lake mpaka uimalize. Alikubali. Alisema hata kwao Waislamu mtu haachwi peke yake na neno kama hili.

Alhamisi iliyopita alikuja mama mmoja wa Kamango, Gracieuse, kuomba tuondoe jina lake, kwani amerudi kwao. Nikamfungulia ukurasa ajitafute. Hakufika kwenye picha yake. Alibaki kwenye ile ya kwanza. Walikimbia pamoja, wakajificha msituni pamoja. Homa ikamshika Sifa, na dawa haikuwapo. Walimzika kando ya shamba la kakao, wakamwimbia. Nilimuuliza kwa namna nyingi, nikitafuta kosa. Alinitajia jina lako, akanitajia na lile la Fundi Kimya ambalo Sifa alikuwa anakuitia kwa utani. Halafu akasema, “Hakukufa peke yake, mama. Nilikuwa namushika mukono.”

Siku hiyo nilituma sahihisho la Gracieuse. La Sifa nimeliandika, liko tayari, imebaki amri ile moja. Vidole vilikuwa juu ya herufi. Sikuiandika. Kwetu msiba hautangazwi barabarani kabla haujafika nyumbani, na wewe unaufungua ukurasa huu kila asubuhi. Ungeukuta peke yako, umesimama dukani, na wateja mbele yako. Hata Mama sijamwambia. Wa kwanza wa nyumbani ni wewe.

Programu inaniruhusu kufuta. Mimi sijiruhusu mpaka uniambie: tuandike kwamba amepumzika, ao tuondoe picha bila neno? Utakavyosema, ndivyo nitakavyofanya. Gracieuse yuko tayari kutuonyesha mahali, siku utakapoweza kuja.

Lia, mdogo wangu, Mungu hakatazi. Mama na wote wa nyumbani wanakusalimu, bila kujua. Ninakushika mkono kutoka mbali.

Tafadhali, nijibu upesi.

Yaya yako, dada yako mkubwa,
Léa