Dakika Tisa Nilizofunga Mdomo

Thadeo rafiki yangu,

Mimi Saidi, miaka yangu sabini na moja. Nimeishi kuwapita wafalme watatu, Wabelgiji, wake zangu wawili na projekta nne. Sasa nimekupita na wewe, na hilo sikulitaka. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Sikai, Thadeo. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka uani mpaka jirani ananiuliza nimepoteza nini. Hata kazi imeharibika. Jumamosi nilikuwa natafsiri filamu ya karate, ukumbi umejaa, na unajua hapa Nyamirambo hakuna anayetafsiri kama mimi. Mtu akipiga teke moja natoa maneno ishirini. Katikati nikanyamaza tu. Wakanipigia kelele, "Mzee, umemeza ulimi?" Nikaendelea, lakini moyo haukuwepo.

Unaikumbuka siku ya kwanza ya filamu yako. Dakika tisa, vipande vitatu umeviunga kwa mkono, padri alikupelekea Ubelgiji kusafishwa. Sauti hakuna. Konsolata mkeo anapiga pasi shati, basi. Nikaona watu wanakohoa, nikasema hii nitaiokoa mimi. Nikatoa sauti ya kike: "Leo mpenzi wangu anakuja, huyu mzee wangu aende Kabeza, achelewe huko huko." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Konsolata alikuwa mstari wa pili. Ukazima projekta, ukachukua bobini yako ya filamu, ukaninong'oneza, "Saidi, lile shati ni la Klodi."

Mwanenu aliyevuka kwenda Bujumbura, na tangu vita vianze huko hamjapata hata barua. Ningejuaje kwamba shati ni lake? Hukuniambia. Ndivyo nilivyokujibu, kwa kiburi, na kwako sikuja tena. Miezi mitatu. Malaria ikakuchukua kwa siku nne, na mimi bado nangoja wewe uje kwanza.

Siku ya kuondoa matanga Konsolata akanitumia mtu: aje aonyeshe filamu ya Thadeo. Hakusema nitafsiri, hakusema ninyamaze. Nikaja mchana baada ya misa yenu, nikaziba madirisha kwa mablanketi, nikakaa nyuma ya projekta, si mbele kama kawaida yangu. Konsolata hakunitazama. Nilijua nikikosea tena, nyumba hiyo sitaingia mpaka nife.

Nikawasha, na watu wakaanza. Haruna fundi cherehani akasema, "Mzee wetu, tupe maneno basi." Mwingine, "Leo hana betri huyo." Thadeo, maneno yalinijaa mpaka kooni. Nilishika meza kwa mikono miwili. Na kwa kuwa nimenyamaza, nikaangalia. Kazi yangu inanitaka niangalie watu, turubai la picha nalitupia jicho tu. Kumbe filamu yako sikuwahi kuiona. Konsolata anapulizia shati maji kwa mdomo. Anapiga pasi ukosi, anageuza, anarudia pale pale, na ukosi umenyooka zamani. Dirishani mtu anapita, kivuli tu, pasi inasimama. Halafu inaendelea. Mwisho anakutazama wewe uliyeshika kamera, anasema kitu, filamu inakwisha.

Haruna akageuka. "Amesema nini?"

Miaka thelathini naulizwa hivyo, na jibu sijawahi kukosa. Nikasema, "Sijui."

Halafu Konsolata mwenyewe akasema, "Nilimwambia azime hicho kitu, maharage yanaungua." Watu wakacheka, naye akacheka, akajifuta macho kwa kitenge. Akaniita, "Mzee Saidi, sogea ule."

Tulipokwisha kula nikamwambia, Mama Klodi, siku ile nilikosa. Akasema, "Ndiyo, ulikosa." Akanitilia bobini mfukoni mwa koti.

Iko hapa mezani. Lakini lile neno la kukosa nilipaswa kukuambia wewe, ukiwa unasikia. Ndiyo maana sikai.

Basi sikia ahadi yangu. Nitaionyesha kwa kila anayetaka, na hakuna atakayeisemea, wala mimi. Klodi akirudi nitamwashia projekta, nitamfungia mlango, nami nitangoja nje.

Pumzika, ndugu yangu. Na atakayebisha kwamba Saidi alifunga mdomo dakika tisa nzima, amuulize Konsolata. Asiporidhika amuulize Haruna, ambaye hanipendi hata kidogo.