Milimita Tisa

Jumapili, 2 Septemba 1956

Mvua tangu asubuhi. Kanisani sikwenda. Nimekaa na injini.

Boila imekubali. Mkebe wa beking poda, ukisuguliwa vizuri, hakuna atakayejua ulikuwa mkebe. Bomba la moshi nimekata kutoka pampu ya baiskeli. Springi ni ya saa ya mezani — saa ya Adero, mke wangu, aliyopewa na mamake. Ilikuwa imekufa mwaka mzima. Lakini kila asubuhi lazima aulize, "Baba Achola, hebu iulize injini yako sasa ni saa ngapi." Naendelea kusugua.

Kipimo changu ni kimoja: futi moja ya injini ya kweli, milimita saba ya yangu. Kila kitu kimepigiwa hesabu. Kasoro moja tu. Silinda zimejitokeza nje, zimepita ubao wa kukanyagia ubavuni mwa injini. Milimita nne na nusu kulia, nne na nusu kushoto. Bati la mkebe limepinda, nadhani. Nitalinyoosha.

Jumanne, 4 Septemba

Zeddy, katibu wa klabu yetu ya wafanyakazi wa reli, amesema leo mbele ya watu: kazi itakayoshinda kwenye maonyesho itawekwa kwenye kabati la kioo pale ukumbini, na jina la aliyeitengeneza chini yake. Haitatoka.

Nataka jina langu mle ndani. Basi.

Mwaka jana waliiweka injini yangu ya kwanza meza ya watoto! Katikati ya ng'ombe wa udongo na mdoli wa mahindi. Mama mmoja akaniuliza kama ni kichezeo, na kama inauzwa. Mimi niliyeacha shule darasa la nne, nikajifunza kusoma ramani za mitambo peke yangu, bila mtu kunishika mkono. Vijana niliowafundisha kushika spana leo ni wakubwa wangu pale shedi ya injini. Sawa. Lakini kwa kabati hili sikubali kupitwa.

Zeddy ana sharti. Treni lazima ijivute yenyewe, kutoka mwisho wa meza hadi mwisho. Injini ni mimi. Mabehewa matatu na reli ya kupitia ni Hiram Gachanja, seremala wa mabehewa. Nilimpa kile kipimo changu cha milimita saba, nikamwachia. Tutajaribu Jumamosi.

Jumamosi, 8 Septemba

Aibu.

Tulikutana karakana ya maseremala baada ya kazi. Hiram ameweka reli yake juu ya benchi, imenyooka, mataruma yamekatwa moja moja. Mabehewa yake yanateleza ukiyapulizia tu. Mlango wa behewa la ng'ombe unafunguka! Sikumsifu, nilikuwa nangoja zamu yangu.

Nikaiweka injini. Haikukaa. Magurudumu ya upande mmoja juu ya reli, ya upande wa pili hewani, nje kabisa. Nikageuza. Vile vile.

Watu walikuwepo. Wasike, yule mchochea moto, alicheka hadi akashika ukuta. Ati, "Nicodemus Owuor, hii injini yako imetanua miguu kama mtu ameshuka kwa punda!" Wengine wakaongeza yao.

Nikamwambia Hiram kwamba seremala ni seremala tu, hesabu si kazi yake. Kwamba ameniharibia. Nilisema kwa sauti. Yeye alikuwa anapangusa vumbi la mbao. Akasema polepole, "Mimi nilipima reli ile pale nje, Owuor. Wewe ulipima ipi?"

Nikafunga injini kwa gazeti, nikaenda zangu.

Jumapili, 9 Septemba

Sikula vizuri. Adero anasema nimenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Nilipima yangu. Milimita thelathini na mbili kati ya reli na reli, kama kitabu kinavyosema — kile cha Kiingereza cha treni ndogo, nilichonunua kwa Mhindi wa vitabu vikuukuu. Kipimo ni hicho hicho, saba kwa futi. Mchoro upo. Sasa Hiram ni nani mbele ya kitabu?

Jioni. Nimenyoosha lile bati. Silinda bado zinatoka nje. Bati halikuwa limepinda.

Nne na nusu na nne na nusu ni tisa. Thelathini na mbili toa tisa ni ishirini na tatu.

Nimeketi. Nimepiga hesabu tena. Reli yetu ni mita moja, futi tatu na ushee. Mara saba: ishirini na tatu. Thelathini na mbili ni reli ya Uingereza! Kwao reli ni pana kuliko yetu. Kitabu hakikukosea, kiliandikwa kwa injini za kwao. Mimi nimechukua mwili wa injini ya Nakuru nikauvika miguu ya London.

Na reli ya hapa naikanyaga kila siku tangu 1944.

Jumatatu, 10 Septemba

Nimekutana na Hiram getini. Ameniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nina kazi.

Jumatano, 12 Septemba

Zeddy alinijia shedi. Anasema hakuna haja ya ugomvi, njia zipo mbili. Ya kwanza, injini iwekwe peke yake juu ya kibao, isitembee, watu waitazame tu. Ya pili, Hiram amejitolea kung'oa ekseli za mabehewa yote na kuyapanua, na reli ailaze upya, yafuate injini yangu.

Ya kwanza ni meza ya watoto, hata wasipoiita hivyo.

Ya pili nimeifikiria sana. Atafanya kweli, namjua. Lakini wanaokuja kutazama ni nani? Madereva, mafundi, wapiga nyundo wa reli kutoka Gilgil hadi Molo. Hao wataona kwa kutupa jicho tu kwamba reli si yetu. Halafu treni nzima ikose ili mimi nisionekane nimekosa?

Nikamwambia Zeddy amwambie Hiram asiguse kitu. Akauliza basi nitafanya nini. Nikachukua spana, nikarudi chini ya injini.

Ijumaa, 14 Septemba

Nimekata.

Fremu mbili za injini, katikati zimeshikwa na vipande vitatu vya shaba. Kila kipande nimepunguza milimita tisa. Ekseli pia. Msumeno ulipoingia Adero alitoka nje, akasema hawezi kutazama. Kazi ya miezi mitano sasa iko ndani ya sinia la chai, kama kuku aliyekatwakatwa.

Kesho jioni Zeddy anakusanya vitu vyote vya maonyesho. Ikishindikana kesho, mwaka huu sina injini kabisa, hata ya kuweka juu ya kibao.

Jumamosi, 15 Septemba

Asubuhi. Shida niliyoiogopa imekuja. Ukilehemu hapa, pale panaachia. Moto unatembea ndani ya shaba. Nimeshikisha kipande cha mbele, silinda ya kushoto ikaanguka kwenye sinia. Nimeirudisha silinda, boila ikainama.

Hii ni kazi ya mikono minne. Miwili ya kushika fremu zisipinde na kuweka kitambaa cha maji juu ya boila, miwili ya kulehemu. Adero alijaribu. Kidole kikaungua. Akaniambia, mbele ya majirani, kwamba alioa mtu — ati yeye ndiye alinioa! — hakuoa kiwanda. Akachukua kikapu akaenda sokoni Bondeni.

Mchana. Hiram amekuja.

Kumbe Adero hakwenda sokoni tu. Alipita kwa Wangeci, mke wa Hiram, akamwambia yote. Sikuwa nimemtuma! Hiram alisimama mlangoni na randa na kipande cha mbao, akasema hodi kama mgeni. Akatazama sinia.

Akasema, "Tunahitaji kibao cha kukaa katikati, kishike upana. Nichonge cha milimita ngapi?"

Anajua ni cha ngapi. Amelaza reli nzima ya upana huo.

Nikasema, "Cha ishirini na tatu."

Hakucheka. Angecheka ningemfukuza. Alisema tu, "Haya," akapunguza unene wa magurudumu kwa hesabu ya kichwani, akaanza kupiga randa.

Jioni. Kipande cha mbele kimeshika. Cha katikati kimeshika. Boila haijasogea, Hiram ameibana na kitambaa cha maji. Cha nyuma bado, na hicho ndicho kinachobeba springi. Chuma cha kulehemu kimepoa, nimekirudisha jikoni kwenye makaa. Nangoja moto ugeuke kijani pembeni mwa kichwa chake cha shaba, ndipo kiwe tayari. Ndiyo maana nina nafasi ya kuandika.

Lakini jua linashuka. Hii Emajensi, hali ya hatari ya serikali — Mkikuyu sharti awe nyumbani kwake kabla ya giza, na Hiram haishi hapa landhi, kwenye nyumba za reli. Askari wa geti amekuja mara moja, akagonga dirisha kwa rungu. "Wewe seremala, pasi yako inasema saa ngapi?" Hiram akajibu bila kugeuka, "Naenda sasa hivi, afande." Hakusogea.

Nimemwambia aende. Nimesema hii ni bati tu, nitamaliza peke yangu, nimezoea. Amesema, "Ulipokuwa peke yako ndipo ilipopanuka." Halafu, "Nikiachia sasa itapinda, Owuor. Angalia moto wako."

Zeddy anakusanya vitu nyumba ya tatu kutoka hapa. Buti za askari zinarudi kwenye kokoto. Hiram ameinamisha kichwa, vidole vyake vimefunga fremu zote mbili, maji yanadondoka kwenye goti lake —

Kijani.