Macho Aliyorithi Kosmas

Mama Tekla,

Nilikuficha jambo moja maisha yetu yote: mimi gizani sioni. Si uzee huu. Tangu ujana wangu, jua likizama, nami nimefungiwa mlango.

Wewe ulidhani ni mapenzi. Tukitoka misa ya mkesha kule kwenu Matombo nilikushika kiwiko hadi nyumbani, ukanicheka: "Mwalimu, unanishika kama bwana harusi, na magoti yako hayo ya kizee!" Nilikushika nisitumbukie korongoni. Vikao vya shule vikichelewa niliaga mapema, wenzangu wakasema umeniweka kiganjani. Niliwaacha waseme.

Nilifundisha biolojia mpaka nikastaafu, lakini nyumbani sikuwahi kulieleza jicho. Acha nikueleze sasa. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, na ndani yake mna seli nyembamba mfano wa vijiti, zilizowekwa kwa ajili ya mwanga hafifu. Watu hudhani gizani seli hizo hulala. Kumbe gizani ndipo zinapochapa kazi: mkondo mdogo wa umeme hupita ndani yake bila kukoma, nazo humwaga kemikali kwa seli ya jirani, mfululizo. Nuru ikikigusa kijiti, mkondo hupungua na kemikali hupungua. Kwa upungufu huo jirani hutambua kwamba nuru imefika, naye hupeleka habari mbele, seli hadi seli, mpaka ubongoni. Ndivyo ulivyoweza kuiona njia ya mlimani kwa mwanga wa nyota tu, huku mimi nikifuata mkono wako.

Vijiti vyangu vinakufa. Vilianzia pembeni, kifo kikawa kinasogea katikati. Kijiti kilichokufa hakimwagi kitu wala hakipunguzi kitu. Jirani yake hana habari ya kupokea. Sasa hata mchana nimebakiwa na tundu dogo la kuonea. Barua hii naiandikia dirishani, nikiona maneno mawili matatu kwa mara moja. Na kando ya tundu humetameta vimulimuli ambavyo havipo. Vinaongezeka.

Ningekufa na siri hii, Paulina, kama si mjukuu wetu.

Unakumbuka Kosmas wa Tekla alivyoanza kujikwaa jioni, akigonga vigoda na kukanyaga kuku. Kaka zako walisema mtoto ni wa lukolo lenu, ukoo wa mama, basi na ugonjwa ni wa kwenu: wazee waliotangulia wamekasirika. Ukapika pombe ya tambiko kwa mikono yako. Nilikaa mkekani pamoja nao, nikala nyama ya mbuzi, nikanyamaza. Kaka yako mkubwa alipomaliza kumwaga pombe chini alitangaza: "Limekwisha. Mtoto ataona."

Kosmas alimwamini. Kwa nini asimwamini? Babu yake msomi alikuwepo na hakupinga.

Nawe, siku zako za mwisho kitandani, uliniambia, "Mwalimu, niombee. Sijui niliwakosea nini wazee wetu." Nilikupa maji. Basi. Maji tu.

Sasa mjukuu wetu ni dereva wa Fuso. Anabeba mpunga wa Dakawa kupeleka Dar, na husafiri usiku kwa sababu barabara haina foleni. Juzi alirudi kioo cha pembeni kimeng'oka, ubavu wa gari umechubuka. Nilipomuuliza alicheka: "Babu, mti wa Mikese ulinifuata barabarani!" Nikamwambia aache safari za usiku. Akanipigapiga begani. "Wajomba wa Mama walishamaliza hiyo kazi, Babu. Unaogopa giza kama mtoto." Kisha akageuka kuondoka, akajigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, mchana kweupe.

Huo upande wa kushoto hakuuona kabisa. Naujua upande huo.

Ukoo humfuata mama, hilo huku halina ubishi. Lakini ugonjwa huu haufuati ukoo. Baba mwenye nao humpa kila binti yake. Binti mara nyingi haumsumbui, lakini wanawe wa kiume huenda ukawaangukia. Tekla ni wa lukolo lako, na macho aliyompa mwanawe ni yangu.

Leo jioni Kosmas anapakia mzigo mwingine. Nimemwomba Tekla amlete hapa mchana, pamoja na kaka yako mkubwa. Pumzi yangu ni fupi, miguu imevimba, na sijui kama nitapata siku nyingine ya kuwakusanya. Nakuahidi nitasema mbele yao wote, na sitamruhusu Kosmas atoke humu na ufunguo wa gari mfukoni. Akinichukia, na anichukie akiwa hai.

Pumzika, mke wangu. Usiwaombe tena msamaha wazee wako. Hukuwakosea kitu.

Najua kaka yako ataniuliza nilijua lini. Angependa nimjibu kwamba nimesoma juzijuzi, au kwamba daktari kaniambia uzeeni. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikufa kipofu, na mimi ndiye niliyemwongoza njiani utotoni. Chuoni walipotufundisha urithi nilimwona mle, nikajiona na mimi, nikawaona na wajukuu ambao sikuwa nao bado. Nilijua kabla sijaleta posa kwenu.