Ruhusa ya Kuutanua Mshipa

Nemba, Biharamulo,
Kagera.
9 Juni 2024

Mpendwa shemeji Wiston,

Salamu nyingi zikufikie huko Mpanda, wewe, Anneth na watoto. Vipi useremala? Na afya je? Usinijibu "nzuri tu" kama mlivyozoea wanaume wa ukoo huu. Nataka habari za mgongo, za lile kovu la ubavuni, na kama unakunywa maji ya kutosha. Wewe sasa ni mtu wa figo moja.

Huku tunamshukuru Mungu. Maharage tumevuna vizuri, ila migomba ya kule juu imeanza kunyauka. Mama yenu anakohoa kidogo, lakini mdomo wake ni mzima kabisa na bado anatutawala wote.

Simu yako haipatikani tangu Pasaka, ndiyo maana naandika. Clever, mtoto wa jirani yetu Malongo, anapanda basi Nyakanazi kuja huko, nimemshikisha barua hii.

Shemeji, sijui nianzie wapi. Figo uliyompa kaka yako ilifanya kazi vizuri, hata jembe alikuwa ameanza kulishika. Kisha presha ikapanda. Akaongezewa dawa, presha ikakataa kushuka, miguu ikavimba. Nikadhani anaruka zile dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, nikamgombeza mpaka Mama akasema nipunguze sauti, majirani wanasikia. Kumbe maskini alikuwa anazimeza zote.

Tukarudi hospitali kule kule mlikofanyiwa upasuaji. Wakampiga picha, daktari akasema figo ni nzima. Nikashangilia. Hapo hapo akasema isipotibiwa itakufa. Shangwe zote zikaniishia. Eti mshipa unaoipelekea damu umebana karibu na pale walipouunga, hivyo figo inapata damu kidogo, inadhani mwili mzima umeishiwa damu, na ndiyo inayopandisha presha. Nimeelezwa na kurudiwa, na bado inanichanganya. Kitu kizima kinamuua mtu kwa sababu kina njaa!

Tiba ipo. Wanaingiza mrija mwembamba kupitia kwenye paja mpaka kwenye huo mshipa, wanautanua kwa kitu kama puto. Hawapasui tumbo tena. Nikajua tumemaliza, na ndipo Xavery alipokataa.

"Hii figo ni ya mdogo wangu," akamwambia daktari. "Ng'ombe wa kupewa humkati hata sikio kabla hujamwambia aliyekupa."

Daktari akanigeukia mimi, kama vile ningemtafsiria. Nilielewa, maana nimeolewa kwenu. Hata yule jike mwekundu tuliyepewa na mzee Protasi, Mama alituma mtu mpaka Nyamigogo kuomba ruhusa kabla ya kumchanja. Lakini figo si ng'ombe! Nilimwambia hivyo Xavery njia nzima. Anasema ni zaidi ya ng'ombe.

Na kimya chako kinamla. Anadhani umekasirika, na Mama anamuunga mkono. Mimi sijui nimshike nani. Mara nacheka, mara natamani kumchapa kwa mwiko.

Juzi tulikuwa tunachambua maharage, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Na ile moja aliyobaki nayo, inamtosha?" Nikasema nadhani inamtosha. Akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Wakiiharibu hii, nitamwambia nini Wiston?" Basi nikajua huo si ubishi. Kaka yako anaogopa, na mimi naogopa kuliko yeye.

Nakuomba, ukimaliza kusoma usinipigie mimi, mpigie yeye. Namba yake iko nyuma ya bahasha, kama uliipoteza. Akiomba ruhusa, mpe. Akizunguka, mgombeze, wewe atakusikia. Daktari ametuambia mwezi huu usiishe kabla hatujarudi.

Mama anakusalimu na anauliza lini utakuja. Binti yetu Rozina anamwamkia baba yake mdogo, shikamoo. Mbusu Ineza wenu, na umwambie Anneth asikuache unyanyue mbao nzito.

Mungu akulinde wewe na hiyo uliyobaki nayo.

Ni mimi shemeji yako, akupendaye na kukusumbua,
Jovina

Nimesahau jambo moja. Daktari alinivalisha kile kipimo chake cha masikioni, akakiweka kwenye tumbo la Xavery, pale figo yako ilipo. Nilisikia shuu, shuu, kama maji yanayolazimishwa kupita mahali pembamba. Akasema sauti hiyo si nzuri. Lakini sikutaka kumrudishia kipimo chake. Damu bado inapita, Wiston. Ni kidogo, lakini inapita.