Moshi Uliotanda Juu ya Kate

Kate, 14 Septemba

Mjukuu wangu Leokadia,

Marahaba. Nitakueleza yote, sitaficha. Hatujambo, na dada yako amejifungua salama.

Umeuliza kama tulichoma nyasi, maana picha ya setilaiti uliyoonyeshwa chuoni ina moshi juu ya Kate. Sisi nyasi tunazifukia kwenye matuta zioze, kwa hiyo tukiona moshi tunasema ni wa wafugaji. Mwisho wa mwezi kijiji kitakutana kumfukuza jirani yetu mfugaji, Masanja, kwa sababu hiyohiyo.

Nilipokuwa darasa la sita, moshi ulitanda vivi hivi. Wanaume walikwenda kwa wafugaji na fimbo, nasi watoto tukawafuata. Tulimkuta mama mmoja akikohoa, anafunika maziwa yasiingie majivu.

"Mnatafuta moto?" akauliza. "Hata sisi tunautafuta."

Malisho yao yalikuwa mazima, hayakuungua. Mjomba wangu akashusha fimbo. "Basi tuonjeshe maziwa, mama."

Nani achome chakula cha ng'ombe wake? Lakini mkutanoni hawatanisikiliza kwa hilo tu.

Ulisema picha hupigwa kila siku. Tazama zile za siku zilizotangulia, kisha nipigie upesi kwa simu ya mama yako: moshi huu ulianzia wapi?

Bibi yako