Majani Matatu ya Mutini wa Saloni

Baraka, 9 Novemba 2003

Mama Nadège wangu, huko kambini ng'ambo ya ziwa,

Mzee wako mzima, ila bugali yangu bado inamshinda hata mbwa. Uliniambia, "Tangulia we. Mi nitavuka siku mutini wa saloni utaota tena majani." Niliukuta fimbo kavu ndani ya chungu chake, palepale sebuleni. Askari walibeba mabati na kitanda chetu, lakini fimbo waliidharau.

Nikaumwagilia asubuhi na jioni. Na kila mgeni aliyekuja kunipa pole ya vita alimwaga humo maji yaliyobaki kikombeni, kwa heshima. Jirani yetu Mama Husna akachungulia, akacheka: "Baba Nadège, unafuga samaki?" Kumbe mizizi ilikuwa inaoza! Nikakata mibovu, nikabadilisha udongo, nikausogeza dirishani, nikawaomba bageni wamalize maji yao.

Leo mutini uko na majani matatu. Sikukutumia hata moja, maana ungesema nimeliokota njiani.

Boti inatoka Kigoma Alhamisi. Nitakungoja ufukweni na chungu kichwani, uhesabu mwenyewe kabla hujashuka. Watu wacheke tu.

Mumeo, fundi wa fimbo,
Anatole